Laughlin, Nevada: mwongozo wa likizo ya wawili wasio na haraka

Kasino za Nevada zikitajwa, wengi hufikiria Las Vegas peke yake. Kilomita 150 hivi kusini ya hapo, pale jimbo linapochongoka na kwisha, kuna mji mdogo wa Laughlin. Kasino zake zimejipanga ukingoni mwa mto Colorado, karibu zote kwa mstari mmoja, na ng'ambo ya maji ni Arizona. Unaweza kuinuka kwenye meza ya karata, ukasukuma mlango wa nyuma, na kabla macho hayajazoea jua ukawa umeegemea vyuma vya kingo unatazama bata wakipambana na mkondo.

Mwongozo huu ni wa watu wawili: mke na mume, wachumba, marafiki wa tangu shule, mama na binti yake mtu mzima, ndugu wawili ambao hawajakaa pamoja muda mrefu. Naamini Laughlin inawafaa wawili kuliko kundi, na inawafaa zaidi wanaoutanguliza mto. Wanaokwenda kwa ajili ya kasino tu huondoka wamechoka, na mara nyingi hawajasemezana la maana.

Hatua ya 1: Chagueni majira, kisha siku za wiki

Joto la Laughlin si la kuchezea. Tarehe 29 Juni 1994 kipimo kilifika nyuzi joto 52 hapa, na hiyo ndiyo rekodi ya jimbo zima la Nevada. Kuanzia Juni hadi mwanzoni mwa Septemba ni kawaida mchana kuvuka nyuzi 40, na mengi ya matembezi ninayoyaeleza huko chini hugeuka kuwa ya hatari. Kwa wawili wanaotaka kutembea na kukaa nje, nafuu iko Oktoba na Novemba, kisha Februari hadi Aprili. Desemba na Januari mchana hupendeza, lakini usiku chukueni koti. Wakati huo mji hujaa wastaafu wanaokimbia theluji ya majimbo ya kaskazini na Canada, watu wapole wanaopenda kuongea na kulala mapema.

Kiangazi kina wapenzi wake, hasa wenye boti na pikipiki za majini. Kama likizo yenu haina nafasi nyingine ila Julai, nendeni, ila mambo ya nje yafanyike kabla ya saa 3 asubuhi na mchana mzima uwe wa ndani au majini.

Baada ya majira, siku. Fikeni Jumapili jioni au Jumatatu, ondokeni Alhamisi au Ijumaa asubuhi. Chumba kile kile kinaweza kupanda bei maradufu ikifika Ijumaa, mto ukajaa mngurumo wa injini, na mezani mkasubiri nafasi. Katikati ya wiki mji unarudi kuwa wenu.

Hatua ya 2: Maliza suala la fedha kabla ya kufunga sanduku

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo safari nyingi za wawili zinapovunjika, na huvunjika nyumbani kabla watu hawajaondoka.

Andaeni bahasha. Ya kwanza ni ya chumba, chakula na mafuta ya gari. Ya pili ni ya matembezi. Ya tatu ni ya kamari, na hiyo igawanywe mara mbili, kila mtu na yake, tena zigawanywe kwa siku. Fedha ya kamari ihesabiwe kuwa imekwisha kutumika tangu mnaondoka nyumbani, kama kiingilio cha tamasha: ikirudi, heri; isiporudi, hakuna aliyeibiwa.

Kisha ulizaneni maswali ambayo watu huyaonea haya. Bahasha yangu ikiisha saa 2 usiku na yako bado nene, tutafanya nini? Jibu langu ni kwamba mwenye bahasha tupu hakopeshwi. Anakwenda kukaa mtoni, au anakaa karibu na mwenzake akitazama bila kutoa ushauri. Ukishinda, fedha ni za nani? Napendekeza ziwe za aliyeshinda, lakini chakula cha usiku huo kiwe juu yake. Na kadi za benki? Ziachwe kwenye sefu ya chumbani kila mnaposhuka kucheza. Mashine za kutolea fedha zimewekwa hatua chache kutoka kwenye michezo kwa makusudi, na hutoza ada kubwa kuliko za mtaani.

Kama mmoja wenu hachezi kamari, iwe kwa dini au kwa kutopenda tu, asibembelezwe na asifanyiwe utani. Apewe bahasha yenye kiasi kile kile, aitumie kwa kukandwa mwili, safari ya boti au chochote roho yake inachotaka. Haki hiyo ndogo hubadilisha kabisa hali ya hewa kati ya watu wawili.

Na kama mmoja wenu amewahi kuhangaishwa na kamari, akakopa au kuficha hasara, badilisheni mji. Mito iko mingi. Aliye tayari ndani ya Marekani anayehitaji msaada anaweza kupiga bure 1-800-GAMBLER.

Hatua ya 3: Kufika

Njia rahisi ni kuruka hadi Las Vegas na kukodi gari hapo hapo uwanjani. Shikeni barabara ya US 95 kuelekea kusini, mpite kijiji cha Searchlight, halafu mwingie kushoto barabara ya Nevada 163. Safari nzima huchukua saa moja na nusu hivi. Searchlight kikomo cha mwendo hushuka ghafla, na polisi wanalijua hilo vizuri, punguzeni mapema.

Barabara ya 163 ina urefu wa kilomita 30 hivi, na sehemu yake ya mwisho ni mteremko mkali. Shukeni kwa gia ndogo badala ya kukanyaga breki mfululizo. Mtaona njia za dharura zilizochimbwa pembeni kwa ajili ya malori yaliyoshindwa kusimama. Hazikuwekwa kwa urembo. Ukiwa kwenye kiti cha abiria ndipo utakapofaidi: jangwa la kahawia kote, kisha kwa chini utepe wa kijani wa mto na majengo marefu yaliyosimama kandokando yake.

Uwanja wa ndege wa Laughlin/Bullhead upo, ng'ambo ya mto katika mji wa Bullhead City, lakini hupokea zaidi ndege za kukodi zinazoleta wachezaji wa kasino.

Gari ni muhimu kwa Hatua ya 8. Asiyependa kuendesha anaweza kufurahia mji wenyewe kwa miguu, teksi na boti, akalipia usafiri siku moja tu ya kwenda mbali.

Chukueni pasipoti halisi, si picha yake kwenye simu. Umri wa kucheza kamari Nevada ni miaka 21, na hata mwenye mvi ataombwa kitambulisho akipata ushindi mkubwa wa mashine.

Hatua ya 4: Chumba

Kaskazini kabisa mwa mstari ni Riverside Resort, na hapo ndipo mji ulipoanzia. Mwaka 1964 Don Laughlin, mzaliwa wa Owatonna, Minnesota, alinunua moteli iliyochakaa yenye vyumba vinane ukingoni mwa mto. Familia ilikaa katika vyumba vinne, ikapangisha vinne vilivyobaki, na chakula cha kuku wa kula mpaka ushibe kiliuzwa senti 98. Baadaye mji ukachukua jina lake. Mwaka 1987 alijenga daraja la kuvuka mto kwa dola milioni 3.5 za mfukoni mwake, akalikabidhi kwa majimbo mawili. Alifariki Oktoba 2023 akiwa na miaka 92. Mkilala Riverside, pitieni kuona magari yake ya zamani yaliyong'arishwa. Hata asiyejali magari hukuta nusu saa imepita.

Kusini ya hapo mtakuta Aquarius, Edgewater, Pioneer na Golden Nugget, pamoja na jengo lenye umbo la meli ya mvuke na mabomba yake ya moshi, Colorado Belle, ambalo lilifungwa mwaka 2020. Tropicana iko upande wa pili wa barabara, kwa hiyo haigusi mto. Harrah's imejitenga kusini na ina ufukwe wake wa mchanga. Mbali zaidi kusini kuna Avi, kasino ya kabila la Fort Mojave, wenyeji wa asili wa eneo hili, iliyofunguliwa mwaka 1995 kwenye ardhi yao wenyewe, nayo ina ufukwe.

Chaguo langu kwa wawili: Harrah's au Avi kama mnataka mchanga na utulivu; Aquarius au Riverside kama mnataka kila kitu kiwe umbali wa kutembea.

Mkiweka nafasi, ombeni mambo matatu kwa maneno: chumba kinachotazama mto, ghorofa ya juu, na pasipovutwa sigara. Hilo la mwisho lina uzito, kwa sababu kuvuta kunaruhusiwa kwenye kumbi za kasino na harufu husafiri. Upande wa pili wa majengo hutazama maegesho na milima mikavu. Si mbaya jua linapozama, lakini hamkuja hadi hapa kutazama maegesho. Tofauti ya bei kwa kawaida ni ndogo na ndiyo fedha itakayokuwa na faida kuliko zote mlizotumia.

Hoteli hutoza pia ada ya huduma juu ya bei ya chumba. Tangu Mei 2025 kanuni ya serikali kuu ya Marekani inataka bei inayoonyeshwa iwe imejumuisha ada za lazima, kwa hiyo linganisheni jumla na jumla.

Hatua ya 5: Fahamuni saa za majimbo mawili

Nevada hubadili saa mara mbili kwa mwaka. Sehemu kubwa ya Arizona haibadili kamwe. Matokeo yake, kuanzia katikati ya Machi hadi mwanzo wa Novemba kingo zote mbili zina saa ile ile. Kuanzia Novemba hadi Machi, Arizona inatangulia kwa saa nzima. Mkiambiwa boti, ndege au meza ya mgahawa ya Bullhead City ni saa 4 asubuhi, upande wenu wa mto ni saa 3.

Simu huongeza mkanganyiko. Kwa kuwa mto ni mwembamba, simu iliyo kitandani Nevada inaweza kushika mnara wa Arizona na kujirusha saa moja mbele, kisha ikarudi. Zimeni mpangilio wa saa ya kujibadili yenyewe, muweke saa ya Nevada kwa mkono, na mkipanga jambo lolote ng'ambo semeni wazi: saa ya wapi?

Hatua ya 6: Siku ya kwanza ni ya mto

Msicheze kamari usiku wa kufika. Mwili umechoka, macho yamejaa barabara, na uamuzi wa mtu aliyechoka mbele ya taa zile ni mbovu. Kuleni, laleni.

Asubuhi shukeni kwenye njia ya miguu inayofuata kingo za mto na kuunganisha kasino za kaskazini kuanzia Riverside hadi Golden Nugget. Nendeni mapema, kikombe cha kahawa mkononi. Maji ni ya kijani yenye kung'aa, na yanakwenda mbio kuliko yanavyoonekana ukiwa ghorofani. Simameni kwenye gati mojawapo mtazame chini: kwenye kivuli cha mbao kuna samaki wanene, wengine urefu wa mkono, wanaongoja mtu adondoshe kitu. Midomo yao hufunguka juu ya maji kabla hamjaonyesha mkate. Wawili waliokuja wakiwa na mengi ya kusema lakini hawajui waanzie wapi, hapo ndipo huanza.

Nguvu na baridi ya mto huu hutoka kwenye bwawa la Davis, kilomita chache juu ya mji, lililokamilika mwanzoni mwa miaka ya 1950 na kuzuia Ziwa Mohave nyuma yake. Maji huachiwa kulingana na mahitaji ya umeme na ya mashamba na miji ya chini, kwa hiyo kina hupanda na kushuka kutwa. Ufukwe uliouacha mkavu asubuhi unaweza kuukuta umemezwa mchana. Na kwa kuwa yanatoka kwenye kina cha ziwa, maji hubaki ya baridi hata hewa ikiwa nyuzi 45. Wageni hushangaa: mguu unaoungua kwa mchanga unashtuka kwa baridi hatua moja mbele. Ingieni polepole, msiruke. Asiyeogelea vizuri abaki kwenye ufukwe uliotengwa, na kila anayepanda chombo kidogo avae jaketi la kuokolea hata kama anajua kuogelea, kwani baridi ile hukata pumzi.

Mchana pandeni teksi ya majini. Ni boti ndogo zinazopita gati hadi gati, na naziona ni raha ya bei nafuu kuliko nyingine zote mjini. Msishuke kituo cha kwanza. Nendeni hadi mwisho, mkae nyuma ya boti.

Jioni, kama bado mna miguu, kuna njia ya kutembea na baiskeli upande wa Nevada inayofuata mto kuelekea bwawani. Chukueni maji zaidi ya mnavyodhani mtahitaji. Hewa hapa ni kavu mno na jasho hukauka kabla hujaliona.

Hatua ya 7: Kasino, kwa kiasi na kwa kuelewa

Chagueni saa mbili kwa siku, zenye mwanzo na mwisho. Mimi nashauri baada ya chakula cha jioni, saa 2 hadi saa 4 usiku. Ndani muda husahaulika upesi, kwa hiyo wekeni kengele ya simu.

Anzeni kwa kuelewa mnachonunua. Mtu anayebonyeza mashine mara 500 kwa saa, dola 1 kila mara, amepitisha dola 500. Mashine ikibakiza senti 10 kwa kila dola, saa hiyo imemgharimu dola 50 kwa wastani. Kanuni za Nevada zinataka mashine irudishe angalau asilimia 75 ya madau kwa hesabu ya muda mrefu. Nyingi hurudisha zaidi ya hapo, lakini hakuna inayorudisha yote. Ile iliyoandikwa senti 1 haichezwi kwa senti 1: hulipiwa mistari mingi kwa pamoja, na mbonyezo mmoja unaweza kuwa senti 50 au zaidi. Someni namba ya dau chini ya kioo kabla ya kubonyeza.

Mezani mambo huenda taratibu, na ndiyo maana napendelea wawili wakae mezani. Katika ruleti ya Marekani, mchezo wa kipira kinachozungushwa kwenye gurudumu, gurudumu lina vyumba 38, vikiwemo sifuri na sifuri mbili, na kasino hubakiza asilimia 5.26 ya kila dau. Ukiweka dola 10 mara 40 kwa saa, wastani wa hasara ni kama dola 21. Likipatikana gurudumu la sifuri moja, asilimia hiyo hushuka hadi 2.70, lisipopatikana, si dhambi kuendelea kutazama tu.

Kwenye blackjack, mchezo wa karata wa kukaribia 21 bila kuvuka, kabla ya kuketi someni maandishi kwenye kitambaa cha meza. Kama yanasema 3 kwa 2, blackjack yenyewe (21 kwa karata mbili za kwanza) kwa dau la dola 10 inalipa dola 15. Kama yanasema 6 kwa 5, inalipa dola 12. Meza zinafanana, mgawaji ni yule yule mchangamfu, viti ni vile vile, lakini ile ya pili inakula fedha zenu haraka zaidi. Inukeni, tafuteni nyingine. Duka la zawadi la kasino huuza kadi ndogo yenye jedwali la mchezo sahihi, na mnaruhusiwa kuiweka mezani na kuitazama. Mmoja ashike kadi, mwingine ashike karata. Inaleta ucheko na inapunguza makosa. Viwango vya chini vya dau kwa kawaida ni vidogo kuliko Las Vegas, hasa mchana wa katikati ya wiki, na wagawaji wana muda wa kumfundisha anayeanza. Ulizeni bila haya.

Jiungeni na kadi ya mchezaji ya kasino mnayolala, kila mtu na yake, ni bure. Pointi zinaweza kulipa chakula. Ila msiongeze dau hata moja kwa ajili ya pointi.

Vinywaji huletwa bila malipo kwa anayecheza. Desturi ni kumpa mhudumu dola 1 au 2 kila anapoleta. Kumbukeni kwamba pombe ya bure ina kazi yake katika ukumbi ule. Mgawaji naye hupewa kitu kidogo mnapoinuka mkiwa mmeshinda.

Mashine haimwagi sarafu tena. Hutoa tiketi ya karatasi yenye mistari, na tiketi hiyo ni fedha taslimu kwa yeyote atakayeiokota. Iwekeni mfukoni papo hapo, si kwenye ukingo wa mashine, na mwende kwa keshia siku hiyo hiyo.

Jambo la kodi, kwa asiye mkazi wa Marekani: ushindi mkubwa wa mashine unaovuka kikomo cha sheria kwa kawaida hukatwa asilimia 30 kabla hujakabidhiwa, na utapewa karatasi ya kumbukumbu, itunze. Ushindi wa blackjack, baccarat (karata), craps (dadu) na ruleti haukatwi kodi hiyo kwa mgeni. Sababu nyingine ya kukaa mezani.

Hatua ya 8: Siku mbili za nje ya mji

Ya kwanza ni Oatman, Arizona, chini ya saa moja kwa gari. Ni kijiji cha machimbo ya dhahabu kwenye kipande cha zamani cha Route 66, barabara maarufu ya kale ya Marekani. Machimbo yalipofungwa wachimbaji waliondoka, wakawaacha punda wao, na vizazi vya punda hao ndio wenye mji sasa. Wanasimama katikati ya barabara, gari lisimame. Wanaingiza kichwa dirishani, pua ya kijivu yenye vumbi ikinusa mapaja yenu, wala hawaombi radhi. Sheria ya mwaka 1971 inawalinda punda pori wa Marekani, kwa hiyo msiwasukume wala kuwapanda. Dukani kuna vipande vya majani makavu yaliyoshindiliwa. Wapeni hivyo tu, kiganja kikiwa wazi kabisa. Mtoto wa punda mwenye karatasi iliyobandikwa kwenye paji la uso asipewe chochote, kwani bado ananyonya. Ndani ya Oatman Hotel kuta zimefunikwa kwa noti za dola zilizobandikwa na wageni. Fikeni asubuhi: alasiri maduka huanza kufungwa na punda hurudi milimani.

Ya pili ni Grapevine Canyon, na kama mna nafasi ya safari moja tu, iwe hii. Rudini juu kwa barabara ya 163, mwingie Christmas Tree Pass, barabara ya vumbi yenye mawimbi, na baada ya kilomita tatu hivi mtaona maegesho. Mwendo wa dakika kumi kwa miguu unawafikisha mdomoni mwa bonde, na hapo miamba ya pande zote imejaa michoro iliyochongwa, zaidi ya 700: duara ndani ya duara, miraba iliyogawanywa, kondoo wa milimani. Juu yake unasimama mlima ambao Wamojave huuita Avi Kwa Ame, chimbuko la watu katika imani yao. Machi 2023 eneo kubwa linalouzunguka lilitangazwa hifadhi ya taifa kwa jina hilo hilo, baada ya makabila na wakazi kulipigania kwa miaka mingi. Punguzeni sauti. Msiguse michoro, mafuta ya vidole huiharibu, msichukue jiwe. Kukiwa na wingu zito popote upande wa milimani, geuzeni, kwa maana maji ya ghafla hushuka bondeni hata mahali mlipo pakiwa pakavu.

Mkiwa na siku ya tatu, Lake Havasu City iko zaidi ya saa moja kusini. Hapo pamesimama Daraja la London, lile lile lililokuwa juu ya mto Thames tangu 1831. Mfanyabiashara Robert McCulloch alilinunua mwaka 1968 kwa dola 2,460,000, mawe yakapewa namba na kusafirishwa, likafunguliwa upya mwaka 1971. Linapendeza, ingawa ni picha na chakula cha mchana zaidi ya siku nzima.

Hatua ya 9: Achaneni kidogo

Siku moja, mchana, kila mtu aende zake kwa saa tatu. Mmoja alale, mwingine avuke daraja kwenda madukani Bullhead City, ambako vyakula na mahitaji ya kawaida yanapatikana kwa wingi kuliko Laughlin. Kubalianeni mtakutana wapi na saa ngapi, saa ya Nevada. Mtakapokutana kila mmoja atakuwa na jipya la kusimulia wakati wa chakula, na hilo kwa wawili waliokaa chumba kimoja siku kadhaa ni neema.

Hatua ya 10: Kuondoka

Usiku wa mwisho pekueni mifuko yote ya suruali na mikoba mtafute tiketi za mashine. Zina tarehe ya mwisho ya kulipwa, na keshia wa Laughlin hana tawi nyumbani kwenu. Wekeni dola chache mezani kwa anayesafisha chumba. Hakikini bili ya hoteli mstari kwa mstari mkiwa bado mbele ya kaunta.

Jazeni tangi upande wa Arizona kabla ya kuvuka, kwa kawaida mafuta ni nafuu huko. Kama ni kiangazi, angalieni kipimo cha joto la injini mnapopanda barabara ya 163. Kikianza kupanda, zimeni kiyoyozi, fungueni madirisha, na mpande kwa mwendo wa pole mpaka mwinuko uishe. Anayesafiri kwa ndege usiku aondoke Laughlin saa tano kabla ya muda wa kuruka: Searchlight kuna kikomo cha mwendo, Las Vegas kuna foleni, na gari la kukodi lazima lirudishwe.